Futi 22, michoro mitatu: sitaha ipi kwa mvuvi wa sangara wa Jumamosi?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua ganda la boti ya faiba, urefu futi 22 na upana futi saba na nusu. Liko uani kwa mjenzi huku Nyegezi, Mwanza, ndani bado tupu. Injini ninayo, ya farasi 60. Tunavua watu watatu kwa fimbo, Jumamosi na sikukuu. Alfajiri tunakokota chambo bandia kuelekea mdomo wa ghuba, jua likipanda tunasogea kwenye mawe na kuanza kurusha. Siku moja moja tunatumia chambo hai. Mara chache nampakia mke wangu na watoto wawili. Mjenzi amenichorea michoro mitatu: wa kwanza una jukwaa kubwa mbele na jingine nyuma, usukani katikati, kama boti za Wamarekani. Wa pili uko wazi wote, unaendesha kwa mkono wa injini kama mitumbwi yetu. Wa tatu una kibanda mbele. Moyo umeangukia wa kwanza, nimeuona sana kwenye video. Je, nakosea?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kuupenda mchoro wa kwanza si kosa, ila naona umeupenda kwa macho tu. Mimi kabla sijashika msumeno huwa namuuliza mteja swali moja: sangara akivuta, nyayo zako zitakuwa sentimita ngapi juu ya maji, na kutoka hapo utapita wapi kumfuata? Mteja akishanijibu, kazi ya kuchora inabaki nusu.

Hizo boti za kwenye video Wamarekani wanaziita bay boat, yaani boti za ghubani. Asili yake ni pwani za Florida, Louisiana na Texas. Kule walikuwa na vijiboti vyepesi vya kuvulia kwenye maji ya magotini, na walikuwa na boti kubwa za bahari kuu zenye usukani katikati. Wakatafuta chombo cha katikati: kipite kwenye kina kifupi, lakini upepo ukichafuka kiweze kuvuka ghuba na kurudi nyumbani. Kingo zake wakazifanya fupi, na mbele wakaweka jukwaa pana lililoinuka. Kuna sababu ya kuinuka kule. Mvuvi wa huko mara nyingi anamtafuta samaki kwa macho. Anasimama juu, anaona kivuli kikipita juu ya majani ya chini, anakirushia chambo mbele ya pua. Kila sentimita anayopanda inamwongezea anachokiona ndani ya maji.

Sasa niambie wewe, ni lini umemwona sangara kwa macho ndani ya ghuba ya Mwanza kabla hajameza chambo? Maji yetu ni ya kijani kwa mwani. Zamisha kasia, ncha yake huioni. Samaki wetu tunamtafuta kwa kujua mawe yalipo, kwa kipima kina, na kwa kuangalia ndege wanaoshambulia dagaa juu ya maji. Hao ndege utawaona hata ukiwa umekaa juu ya ndoo. Kwa hiyo faida kubwa ya lile jukwaa imebaki Florida. Hapa kwetu litakuletea hasara zake tu, na kwenye ziwa hili hasara hizo ni kubwa kuliko kule.

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu. Ni sinia, si sufuria. Upepo ukivuma juu ya sinia, mawimbi yanakuwa mafupi na yamesimama, moja linakanyaga kisigino cha jingine. Wewe unatoka alfajiri maji yakiwa kioo, unaridhika. Saa saba au saa nane mchana upepo wa ziwani umeshapanda, na wewe ndiyo kwanza unageuza kurudi Nyegezi. Miezi ya Juni hadi Agosti sina haja ya kukuhadithia. Boti itapiga pua, itanyanyuka, itapiga tena, na aliyesimama kwenye jukwaa la sentimita 40 atakuwa kama mtu aliyesimama juu ya meza ndani ya daladala.

Tena angalia ukingo. Ganda lako nalijua aina yake: ukisimama chini, ukingo unakufika juu kidogo ya goti. Hapo paja linapata pa kuegemea samaki anapovuta. Ukipanda sentimita 40, ukingo uleule unakuwa wa kifundo cha mguu. Haukushiki tena, sanasana unakukata ngwala.

Hili nililijifunza kwa aibu. Boti yangu ya kwanza ya mtindo huu niliijenga kwa kutazama picha kwenye simu, jukwaa la mbele nikalifanya kimo cha kreti moja na nusu za soda, mwenyewe nikaona nimefanya kazi ya kizungu. Mteja akaenda nayo upande wa Ukerewe. Alirudi na jino pungufu. Alikuwa amesimama mbele na fimbo, nahodha akapunguza mafuta ghafla, pua ikashuka, naye akaufuata ukingo kwa mdomo. Nilikata jukwaa lile kwa msumeno bila kumtoza senti, na boti ile inavua mpaka leo ikiwa na sitaha ya chini.

Lakini usilifute jukwaa la mbele moja kwa moja. Kwa kurusha kwenye mawe unalihitaji, maana mkono wa fimbo unataka uwazi, na usukani usiwe nyuma ya kiwiko chako. Mwambie mjenzi aliweke kwa urefu wa futi tano kutoka kwenye ncha, liinuke sentimita 20, isizidi. Kidato kimoja tu, ambacho mguu unakipanda bila jicho kukitafuta. Watu wawili watasimama hapo wakarusha, wa tatu abaki kwenye usukani kuilinda boti isiegemee mawe. Chini yake tengeneza sanduku mbili zenye mifuniko: moja ya nanga na kamba, nyingine ya majaketi ya kuokolea. Usiweke chochote kizito zaidi ya nanga. Pua nzito kwenye mawimbi mafupi inachota maji badala ya kuyapanda. Kisha zungushia bomba la kushikia kuanzia kwenye ncha hadi mwisho wa jukwaa, lifike juu ya goti la mtu aliyesimama hapo. Utasikia wakisema bomba linanasa mshipi. Kweli linanasa, mara moja moja. Mimi nimechagua mshipi unase.

Nirudi kwenye kukokota, maana ukihesabu saa zako kwa haki, nadhani unakokota zaidi ya unavyorusha. Hapo ndipo mchoro wa pili unapoanguka. Usidhani naudharau. Mtumbwi ulio wazi una akili yake. Mvuvi wa makila, yaani nyavu za kutega, anauvuta wavu juu ya ukingo na kuurundika katikati, wa dagaa vivyo hivyo anamwaga samaki wake tumboni mwa chombo, kwa hiyo wote wawili wanataka tumbo tupu na nahodha awe pembeni kabisa, nyuma, mkono kwenye injini. Sitaha kwao ni kizuizi. Wewe nyuzi zako zinatoka nyuma. Ukikaa nyuma na mkono wa injini, umekaa katikati ya mishipi yako mwenyewe. Sangara akivuta, wa kwanza kuchanganyikiwa ni nahodha, na nahodha ndiye pekee asiyetakiwa kuchanganyikiwa. Pia huwezi kuangalia mbele na nyuma kwa pamoja, na alfajiri kuelekea mdomo wa ghuba kuna nyavu za watu zimelala, maboya yake ni chupa za plastiki. Ukiukata wavu wa mtu kwa panga la injini, yaani pangaboi, ugomvi wake ni halali.

Mchoro wa tatu, wa kibanda, ni wa mtu anayelala ziwani. Wewe hulali. Ubaya wake ni kwamba unafunga njia ya mbele. Sangara mkubwa hakubali kupiganwa naye sehemu moja. Ataruka nyuma akitikisa kichwa, atazama chini ya boti, atatokea upande wa pili, na wewe unatakiwa umzungukie ukiwa umeshika fimbo juu, mshipi usiguse ubavu wala panga. Ukikutana na ukuta wa kibanda, mchezo umekwisha.

Kwa hiyo usukani uwe kwenye meza, na meza uizunguke. Upana wako wa nje ni futi saba na nusu, ukitoa unene wa kingo unabaki na kama futi sita ndani. Meza ya futi mbili na nusu ikikaa katikati inaacha inchi 21 kila upande. Mtu mmoja anapita bila kugeuka ubavu, mnene atageuka kidogo. Usikubali meza ya futi tatu na nusu eti iwe na nafasi ya redio. Ukitaka njia pana zaidi, unaweza kuisogeza upande wa kulia, upate njia moja kubwa kushoto. Uchague kulia, si kushoto. Panga la kawaida la injini moja linazunguka kwa mkono wa kulia, na mzunguko huo unaielemeza boti kushoto, basi uzito wa nahodha ukiwa kulia unasawazisha. Betri uiweke ndani ya meza hiyo, chini kabisa. Na meza isikae nusu kamili ya boti. Isogeze nyuma kiasi cha futi moja ili pua iwe nyepesi, lakini isiibe uwanja wa nyuma.

Uwanja huo wa nyuma ndio ninaokuomba uupiganie. Jukwaa la nyuma kwenye mchoro wa kwanza lifute. Lote. Wamarekani wanalitumia kwa sababu mtu wa pili au wa tatu naye anarusha, na chini yake wanaficha matangi. Kwako, nyuma ndipo samaki anapofikia mwisho wake, na samaki mzito anapandishwa vizuri na mtu aliyesimama chini, goti likiegemea ukingo, kulabu mkononi. Ukiwa juu ya jukwaa unainama, kiuno kinavuka ukingo, na samaki wa kilo 30 anajua la kufanya. Sangara wa kilo 30 si wa kila Jumamosi, nakubali, lakini hatoi taarifa kabla ya kuja. Acha uwanja tambarare wa futi sita kutoka nyuma ya kiti cha nahodha hadi kwenye ubao wa injini.

Kuna sababu nyingine ya kuuacha wazi: magugu maji. Upepo ukiyasukuma ndani ya ghuba utayapitia utake usitake, yatajifunga kwenye panga, majani yataziba tundu la injini la kunyonya maji ya kupoza. Lazima uifikie injini kwa mikono miwili, ukiwa umepiga magoti mahali imara, uinyanyue na kuisafisha. Nimeona boti nzuri ambayo ili uguse injini inabidi utambae juu ya mifuniko mitatu. Sasa fanya hivyo kwenye mawimbi.

Halafu tangi la chambo hai. Najua mjenzi amekuchorea moja kubwa pale nyuma, lenye pampu na taa ya bluu. Lita 120 za maji ni kilo 120, mtu na nusu ambaye hatoi mchango wa mafuta. Na likiwa nusu maji yanakimbilia upande ule boti inaolalia, yanaiongezea kulala. Wakazi wa huku hatuhitaji kufundishwa uzito ukizidi au ukihama unafanya nini. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa na watu wengi mno kuliko 101 iliyoruhusiwa kubeba. Yako ni ndogo, ila maji hayana hesabu tofauti kwa boti ndogo.

Chambo chenu hai ni nini? Kama ni kambare wadogo, wale wanaotumiwa na watu wa migonzo, zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, basi tangi la nini? Kambare anapumua hewa ya juu. Ndoo ya lita 20 yenye mfuniko uliotobolewa, maji ya robo tatu, umkinge na jua, atakufikisha jioni. Mkitumia furu, hao wanataka maji yenye hewa, hapo weka tangi dogo la lita 40, la mviringo ili wasijigonge pembeni, na ulifunge chini mbele ya kiti cha nahodha, karibu na katikati ya boti, kusiko na mtikisiko mwingi. Na usije ukadanganyika kuhifadhi sangara hai humo. Ni samaki asiyevumilia maji yenye hewa kidogo. Atakufa, na nyama yake iliyokaa kwenye maji ya vuguvugu itakuwa imeharibika kabla hujafika soko la samaki la Mwaloni.

Pesa ya tangi nunua deli kubwa la barafu. Lipe kazi tatu: liwe kiti mbele ya meza ya usukani, liwe barafu, na mfuniko wake uwe meza ya kupimia. Chora alama ya sentimita 50 kwa rangi isiyofutika, maana sangara aliye chini ya hapo kisheria anarudi majini, na ubishi wa saa sita za jua hautakiwi. Deli lifungwe kwa mikanda kwenye pete za sakafuni, lisiachwe huru. Ukipasulia samaki humo ndani, kisu kiende polepole. Bondo, kile kibofu cha hewa cha sangara, likitobolewa ni hela iliyotobolewa, na siku nyingine bondo ndilo linalolipa petroli.

Sakafu ikae juu ya usawa wa maji ili yanayoingia yatoke yenyewe kwa matundu ya nyuma. Mpime mjenzi kwa vitendo: boti ikiwa majini, wasimame watu watatu nyuma pamoja na injini na tangi la mafuta lililojaa, kisha mtazame kama maji yanaingia kwa matundu badala ya kutoka. Yakiingia, sakafu iko chini mno, na ni bora ujue kabla haijapakwa rangi. Hata ikifaulu, pampu ya ngama, ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya sakafu, iwepo, na ndoo iwepo, maana ndoo haina fyuzi. Rangi ya sakafu usiweke nyeupe tupu. Jua la saa sita litakupofua. Kijivu cha maji kinatosha, na wachanganye mchanga laini kwenye koti la mwisho, ute wa samaki hauna urafiki na kandambili.

Kwenye injini sina maneno mengi. Hapa tuko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo injini yako ya 60 inafanya kazi kama ya 53 au 54. Hiyo ni sababu nyingine ya kukataa majukwaa mazito na matangi. Ikiwa boti iliyobeba watu watatu inasita kupanda juu ya maji, usikimbilie injini kubwa. Jaribu kwanza panga lenye mkunjo mdogo zaidi, yaani linalosogeza boti umbali mfupi kwa kila mzunguko.

Mkeo na watoto: wao wakae katikati na nyuma, si kwenye jukwaa la mbele boti ikitembea, hata kama picha inapendeza. Paa la turubai juu ya usukani liweke, lakini liwe la kukunja. Paa la kudumu linabeba upepo na linagonga ncha ya fimbo kila unaporusha. Majaketi ya watoto yawe ya saizi yao, la mtu mzima linamvuka mtoto kichwani. Na kwa kuwa unabadilisha mpangilio wa ganda, wapelekee TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, mchoro kabla ya ukaguzi, wakuandikie idadi ya watu kwa boti ilivyo sasa.

Kabla ya kumpa mjenzi pesa ya mbao na faiba, nunua chaki. Chora boti yako uani kwa ukubwa wake halisi, futi 22 kwa saba na nusu. Weka meza ya nyumbani pale usukani utakapokaa, weka ndoo, weka deli. Pale jukwaa la mbele litakapokuwa panga matofali ya kulala, kisha weka ubao juu. Ita wale jamaa zako wawili waje na fimbo zao, mmoja afunge mshipi kwenye tairi la baiskeli na mtoto alivute akizunguka boti ya chaki mara mbili. Majirani watacheka. Utajua ndani ya robo saa ni wapi viwiko vinagongana na wapi mguu unakosa pa kukanyaga, na chaki inafutika kwa maji.

Jambo la mwisho ni vishikio vya fimbo. Mjenzi atataka kuvitoboa siku ya kwanza ili boti ionekane imekamilika. Mkatalie. Nunua vinne vya kufunga kwa vibano, vifunge kwenye bomba na kingo, utoke navyo Jumamosi tatu. Vya kukokotea utavihamisha, nakuhakikishia, mara mkigundua kwamba fimbo mbili za nyuma zinagombana mnapokata kona. Jumamosi ya nne ndiyo urudi kwa mjenzi na drili.